Baba wa Bibi Harusi Hajawahi Kufa

Miaka yote niliyokwenda sine ya mtaa wetu wa Majengo, Baba wa Bibi Harusi hakufa hata mara moja. Filamu zilimuua. Mjomba wangu ndiye aliyekataa.

Sine kwetu ni chumba cha mbao chenye paa la bati, mabenchi yasiyo na migongo, na kitambaa cheupe ukutani. Filamu zinatoka India, zinakuja kwenye flashi za wafanyabiashara wanaopitia Kampala, na hakuna hata mmoja mle ndani anayejua lugha inayosemwa. Kwa hiyo mjomba hukaa mbele, pembeni mwa kitambaa, ameshika mikro, kile kipaza sauti, na kusema kila kitu kwa Kiswahili. Sauti zote ni zake: bibi harusi, polisi, mtoto anayelia, hata ng'ombe. Yeye pia haijui lugha hiyo. Anaangalia nyuso, anasikiliza muziki unaelekea wapi, halafu anasema.

Waigizaji hawana majina kwetu. Kijana wa mbele anaitwa Akta, na filamu nyingine ikija na kijana mwingine, huyo naye ni Akta. Adui, mkuu wa majambazi, ni Shefu Bandi. Mmoja tu ndiye aliyejulikana kwa uso wake: mzee mwenye kitambi, masharubu yaliyopakwa rangi nyeusi, na macho ya mtu aliyesahau kitu nyumbani. Karibu kila mara alikuwa baba wa msichana anayeolewa. Tukamwita hivyo.

Zamani sana, kabla sijaanza shule, mjomba aliamua kwamba mzee huyo ni mtu mmoja katika filamu zote. Nadhani mwanzoni ilikuwa njia ya kurahisisha kazi. Filamu hii mzee ni mwalimu, inayofuata ni polisi wa cheo kidogo, nyingine ni daktari wa kijijini, nyingine anapiga kengele hekaluni. Mjomba aliziunga zote zikawa maisha. Alikuwa mwalimu, mshahara haukuja, akaingia polisi. Polisi akaona mambo asiyoyapenda, akajifunza kuchoma watu sindano. Sindano zikakosa wateja, akashika dini. Mabinti wake wengi, mjomba alisema, ni kwa sababu ya kuhamahama. Hakuna mtu wa Majengo aliyeona ajabu. Baba yangu mwenyewe amekuwa mwalimu, dereva, mwuza mafuta ya mawese na karani wa ushirika, na bado hajafika mwisho. Tulipomwona mzee yule anaingia na kofia mpya, watu walinong'onezana, "Amepata kazi ingine," na sauti zao zilikuwa na furaha ya kweli.

Akifa katika filamu, mjomba alimpeleka Kampala kutibiwa. Yule anayechomwa kwenye kuni alikuwa ndugu yake, aliyefanana naye sana. Kwa kweli ndugu huyo alikuwa na maisha mabaya. Kila baada ya filamu chache alichomwa.

Nayasema haya kwa sababu mwaka huu mjomba aliota kitu kooni. Daktari alikitoa, akamkataza kusema kwa wiki nyingi. Hata kunong'ona alikatazwa; daktari alisema kunong'ona ndiko kubaya zaidi. Mjomba akarudi nyumbani amefungwa kitambaa shingoni, akawa anaandika ujumbe kwenye simu, na yale ambayo hakuandika, mke wake alituelezea kwa kuangalia mikono yake.

"Anasema mupunguze chumvi," mama huyo alisema.

Mjomba alitikisa kichwa.

"Anasema hapana, muongeze."

Wakati huo sine ilionyesha filamu bila mtu wa kusema. Watu walikuja siku ya kwanza, wakakaa kidogo, wakatoka. Vijana walisema afadhali waangalie kwenye simu. Mwenye chumba, mzee mmoja Mkatoliki wa upande wa Bukavu aliyewahi kuwa karani na sasa anauza sima, yaani saruji ya kujengea, aliangalia mabenchi matupu kwa macho ya mtu anayepima nafasi. Akaja kwa mjomba, akakataa chai, akasema wazi.

"Muzee, nakuheshimu. Lakini sima yangu iko inalowana kwenye hangari ya mutu. Jumamosi hii ikipita na mabenchi hayajajaa, Jumatatu naingiza mifuko."

Mjomba akanyoosha kidole kwangu.

"Anasema mutoto wetu ndiye atasema," mke wake akaeleza, ingawa safari hii hapakuwa na haja.

Nilikuwa pale kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuwa. Nina lisansi, shahada ya chuo kikuu, ya uhusiano wa kimataifa. Tangu benki zifungwe na mashirika mengi yapunguze watu, nilikuwa nikiamka asubuhi, naandika barua ya kuomba kazi, naifuta, naiandika tena, halafu nakaa nikifikiri kama neno "mheshimiwa" limekuwa zito mno. Barua nyingine sikuzituma kabisa kwa sababu ya neno moja. Na sasa mtu kama mimi alitakiwa kukaa mbele ya watu na kusema haraka kuliko midomo ya Wahindi. Nilitaka kukataa. Lakini niliona mikono ya mjomba ilivyolala juu ya magoti yake, imefunguka, haina kitu, nikasema ndiyo.

Filamu ililetwa na dereva mmoja wa njia ya Kiwanja aliyeipata kwa rafiki yake mpakani. Niliiangalia nyumbani kwenye kompyuta yangu yenye skrini iliyopasuka, na kosa langu la kwanza likawa kutaka kujua ni ya wapi. Mjomba hakuwahi kujali. Kwake Kihindi ni Kihindi. Mimi nilinakili maneno ya mwanzo wa filamu, herufi za mviringo zilizojikunja kama maharage mapya, nikayaweka kwenye simu, na simu ikanijibu kwamba hicho si Kihindi. Ni Kikannada. Ni lugha ya jimbo lao la kusini, ina watu wake wengi na sinema yake yenyewe. Nilijisikia vibaya. Ni kama mtu wa kule asikie Kinande cha huku kwetu miaka yote na kukiita Kikongo.

Baada ya hapo sikuweza kuacha. Nilitafuta picha za filamu, nikampata Baba wa Bibi Harusi, ambaye katika hii pia anakufa. Nikapata jina lake, ambalo siliandiki hapa, kwa sababu tangu siku ile sijui kama nina haki nalo. Simu ilinitafsiria habari zake kwa Kifaransa kibovu. Alianza katika kundi la maigizo lililozunguka vijiji na mahema yake, akibeba mapazia mchana na kucheza jioni. Alikuwa mwembamba. Kulikuwa na picha: kijana wa mbavu za kuhesabika, amepaka uso rangi, ameshika upinde. Kwenye sinema hakupewa hata siku moja nafasi ya mbele. Alipewa baba, mjomba, jirani, hakimu anayesoma hukumu na kuondoka. Mwenzake mmoja alikumbuka kwamba alifika kazini mapema kuliko wote, akakaa kivulini na chakula alichopikiwa nyumbani, na hakuwahi kuuliza filamu itaishaje. Alijifunza maneno yake tu.

Na chini kabisa, katika mistari ambayo nililazimika kuisoma mara kadhaa kwa sababu ya Kifaransa kile, ilisemwa amefariki. Miezi ilikuwa imepita. Hospitali, familia, maua.

Sikujua nifanye nini na habari ile. Nilikaa kitandani nikijiuliza maswali ambayo hakuna mtu aliyeniuliza. Je, ni sawa kumsemea marehemu? Lakini tulikuwa tukimsemea alipokuwa hai, bila ruhusa. Je, nikimpeleka Kampala kutibiwa, nitakuwa nawadanganya watu zaidi kuliko zamani, au kiasi kilekile? Na mjomba ana haki ya kujua? Mtu ambaye amekuwa sauti ya mwingine maisha yote ni nani kwake? Si ndugu. Hakuna neno lake.

Ijumaa nilikwenda kumwambia. Alikuwa ametoka msikitini, amekaa uani juu ya kiti kifupi, akitoa vijiwe kwenye mchele. Nilimwonyesha picha zote, ya kijana wa upinde na ile ya maua. Mke wake aliinama nyuma yetu.

"Ule ni yeye? Alikuwa mwembamba hivi?" aliuliza. "Kumbe chakula kilimukubali."

Mjomba aliangalia picha ya maua. Nilisubiri uso wake ubadilike. Akachukua simu yake, akaandika polepole kwa kidole kimoja, na simu yangu ikalia mkononi.

*Huyo ni mwingine.*

Nilianza kueleza, kwamba hapana mjomba, ni yeye, angalia sikio. Simu ikalia tena.

*Kesho usimuue.*

Akarudi kwenye mchele wake.

Jumamosi alasiri mabenchi yalijaa nusu, halafu zaidi ya nusu. Watu walikuwa wamesikia kwamba mjomba atakuwepo, na hilo lilikuwa kweli: alikaa karibu nami, kitambaa shingoni, ameshika kijiti cha kupigia benchi nikikosea. Mbele walikaa akina mama wa soko ambao hawajawahi kukosa filamu ya mzee yule. Nyuma, vijana wa pikipiki. Mwenye chumba alisimama mlangoni bila kukaa. Mikro ilinuka sigara alizoacha mjomba miaka mingi iliyopita.

Mzee alitokea mapema, anafungua geti la nyumba kubwa ambayo si yake. Nikasema kwa sauti nzito kadiri mwanamke anavyoweza, "Leo ni mimi mulinzi hapa."

"Baba amevaa kitenge," kijana mmoja wa nyuma akasema, na wote wakacheka.

"Muache, amepata mafua huko Kampala," mama mmoja wa mbele akamjibu bila kugeuka.

Hiyo ilinisaidia. Nikaanza kusema. Nilikuwa nimejiandaa sana, labda mno. Niliangalia kila mdomo, nikahakikisha maneno yanaisha mdomo unapofunga. Nilijua sasa wapi ni mji na wapi ni kijiji, nikajua sherehe ile ya taa ni ya nini, nikaeleza. Mjomba aligonga benchi mara kwa mara na sikuelewa anataka nini. Nilidhani ananiambia niharakishe. Nikaharakisha. Watu walicheka pale nilipotaka wacheke, na pengine ambapo sikutaka. Mwenye chumba akakaa. Nilimwona kwa pembe ya jicho, nikafikiri, amekaa, amekaa, na kwa dakika kadhaa nilikuwa mtu mwenye furaha.

Kisha mzee akaugua. Amelala kitandani, binti yake analia, daktari anavua miwani. Mdomo wa mzee ukafunguka kidogo na kufunga. Sikuwa na neno tayari, nikaacha upite. Muziki ukashuka. Wakamtoa nje juu ya mianzi, amevikwa maua ya rangi ya chungwa, uso wake wazi kabisa, jua limempiga. Mjomba aligonga. Nikafungua mdomo niseme kwamba huyu ni ndugu yake, yeye mwenyewe amepelekwa Kampala.

Hapo ndipo nikaelewa alichokuwa akigongea tangu mwanzo.

Mjomba, katika kila filamu ambayo mzee atakufa, humtaja ndugu mapema. Baada ya chai ya kwanza, mzee akiwa anaongea na mtu yeyote kuhusu jambo lolote, mjomba humfanya aseme, "Mudogo wangu ananisumbua, tunafanana mpaka mama yetu alituchanganya." Kila mtu mle ndani hujua maana yake, na wengine hupumua, kwa sababu wameambiwa kwamba kifo kitakuja na kitapita pembeni. Mimi nilikuwa nimeshughulika na ukweli wa taa na vijiji, nikasahau kumzaa ndugu. Sasa hapakuwa na mtu mwingine wa kufa.

Mikro ilibaki mdomoni. Mle ndani tukasikia Kikannada peke yake, sauti ya binti yule ikiita neno moja tena na tena, na nadhani hata mtoto angejua ni neno gani. Binti akachukua punje za mchele, akaziweka mdomoni mwa baba yake.

Mama mmoja wa mbele aliuliza kwa upole, kama anayeuliza bei, "Wanamupeleka wapi?"

Mjomba hakugonga tena. Nilimwangalia, alikuwa anaangalia kitambaa, si mimi.

"Amekufa," nikasema kwenye mikro.

Hakuna aliyepiga kelele. Vijana wa nyuma walivua kofia, mmoja baada ya mwingine, kwa aibu kidogo. Moto ulipowashwa, mama aliyeuliza alifunga kitenge chake vizuri, akasimama, akatoka. Mwenzake akamfuata. Halafu benchi zima. Filamu ilikuwa bado na harusi mbele, nyimbo mbili nzuri, Shefu Bandi hajakamatwa, na mimi nilibaki nikisema kwa sauti ndogo maneno ya Akta mbele ya chumba kinachomwagika kupitia mlango. Mwenye chumba alisimama apishe watu. Alipotoka yeye mwenyewe, hakuniangalia.

Nilirudi na mjomba kwa mguu, juu ya mawe yale meusi ya volkano yanayokula viatu, bila kuongea, yeye kwa amri ya daktari na mimi kwa sababu nilikuwa nahesabu nilichoharibu. Akilini niliona mifuko ya sima imepangwa mahali pa kiti chake. Kila nilipotaka kuomba msamaha niliona sentensi yangu ni mbaya, nikaianza upya, mpaka tukafika.

Jumapili, baada ya misa za kwanza kutoka, geti la mjomba likagongwa. Walikuwa akina mama wa soko, wamevaa vitenge vya heshima, wamebeba sukari na kuni. Wakamshika mjomba mikono miwili.

"Pole sana, muzee. Pole."

Wakakaa kwenye mkeka. Wakaja wengine. Vijana wa pikipiki walileta viti vya plastiki, wakavipanga wenyewe kando ya ukuta wa mawe, kama wanavyopanga kwenye msiba wowote. Mjomba alikaa katikati, kitambaa shingoni, macho chini, kimya, na kila aliyeingia aliona mfiwa asiyeweza hata kusema.

"Ni ugonjwa gani ulimuchukua?" mzee mmoja aliuliza.

Mjomba aliinua mkono, akauacha uanguke.

"Presha," mke wake akaeleza. "Alikuwa nayo siku mingi."

"Na kuhamahama kule," mzee akasema. "Mutu hawezi kuwa polisi na mwalimu asipate presha."

Mwingine akauliza tufanye nini sasa, tumsomee au tumwimbie, maana hapa tumechanganyika dini na marehemu alikuwa wa hekaluni. Mke wa mjomba alifikiri. "Mukae tu," akasema. Wakakaa tu.

Nilidhani ni wajibu wangu kusema. Nilimsogelea kijana yule aliyenicheka kuhusu kitenge, nikamwambia taratibu kwamba kweli amekufa, yaani mtu mwenyewe, kule kwao, ni miezi sasa, nimesoma.

"Dada, tunajua," alinijibu kwa huruma. "Tulikuwa pale."

Sikujaribu kwa mwingine.

Mwenye chumba alikuja jua likiwa kali. Alivua kofia, akampa mjomba pole kama wengine, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akapewa chai, na safari hii akainywa. Aliangalia ua uliojaa. Aliangalia watu wale ambao wengi wao hununua kitu kwake au kwa jirani yake. Akakohoa.

"Mimi nilimuona kwanza wakati alikuwa mwalimu," akasema. "Wakati ule mimi pia nilikuwa na nywele."

Watu walicheka kidogo, kama inavyoruhusiwa.

"Sasa sima," akaendelea, akizungusha kikombe. "Batu wataniangalia namna gani? Mutu amefia mule ndani, na mimi naingiza mifuko? Tungoje kwanza arobaini ipite. Mukisha toa matanga, tutaongea."

Mjomba aliinua macho. Mke wake alifungua mdomo aeleze, lakini mjomba alimzuia kwa kidole, akamshika mwenye chumba mkono, akautikisa.

Kwa hiyo tuna muda mpaka arobaini, na hautoshi. Akina mama wameomba wamwone tena kuanzia alipokuwa mwalimu, na wengine wamesema hawatatulia mpaka waone tena mazishi, kwa sababu walitoka mapema na hawakuaga vizuri; tutayarudia Jumatano. Natafuta filamu zake za zamani kwa madereva wa Rutshuru na kwa watu wa Gisenyi. Barua zangu za kazi zimelala. Sijui kama tunamwombolezea mzee wa Kikannada aliyekula chakula chake kivulini, au yule wetu aliyekosa mshahara, na sijui kama familia ya huyo wa kwanza ingecheka au ingeudhika ikiona viti vile vya plastiki. Nimelifikiria kwa kila upande na halikai.

Jioni ile ya Jumapili, watu walipoanza kuondoka, simu yangu ililia. Mjomba alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka nilipo, akiangalia pembeni.

*Alikufa bila kusema kitu. Jumatano mpe maneno.*

Tangu hapo kompyuta yangu imesimama kwenye picha ileile: kitanda, binti, daktari anayevua miwani. Naisogeza mbele, naisimamisha, naisogeza nyuma. Nimejaribu kumfanya mzee amwachie binti baraka. Nimejaribu kumfanya aombe radhi kwa kuhamahama. Nimejaribu kumfanya aulize kama geti limefungwa, na hilo lilinipendeza usiku mzima na kunichukiza asubuhi. Mdomo wake unafunguka kidogo, mara moja, na kufunga. Maneno yote niliyonayo bado ni marefu.